Goti lako na zile njia mbili za Marekani

Newala, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo umempa nafuu, ameanza tena kupalilia mikorosho, na bibi yako kila jioni anauliza utarudi lini.

Ujumbe wako niliupata, nikausoma mara tatu. Unasema wenzako wa chuo wanataka kutembea kwa miguu miezi mitano au sita, na mnabishana mfuate Appalachian Trail ya mashariki au Pacific Crest Trail ya magharibi. Ukaniuliza ipi ngumu zaidi, maana mama yako amefundisha jiografia na kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, anazijua. Nimekaa na swali lako wiki mbili nzima, kila usiku nasoma kwenye simu mpaka baba yako analalamika mwanga.

Nilianza kwa kosa walilokuwa wakilifanya wanafunzi wangu wa kidato cha pili, la kukimbilia namba kubwa. Ya magharibi ina kilometa kama 4,265, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, na mahali pake pa juu kabisa, Forester Pass, ni mita 4,009. Ya mashariki ina kama kilometa 3,500, inapita majimbo 14 kutoka Georgia hadi Maine, na kilele chake kirefu, Kuwohi, ni mita 2,025 tu. Mtu akiishia hapo atasema ya magharibi ndiyo ngumu, na atakuwa amekosea nusu.

Njia ya Pacific Crest ilichongwa ili farasi na nyumbu wenye mizigo nao wapite. Kwa hiyo inapanda kwa kuzunguka, taratibu, mlima unauzoea. Appalachian mara nyingi inapanda wima, inashuka wima, kisha inaanza upya kilima kinachofuata. Wanaoitunza wanasema ukijumlisha kupanda kwake kote ni sawa na kupanda Everest kutoka usawa wa bahari mara 16. Na chini si udongo mtupu, ni mawe na mizizi iliyolowa mvua. Kule Maine kuna bonde linaitwa Mahoosuc Notch, halifiki hata kilometa mbili, lakini limejaa majabali yaliyoporomoka, watu wanapita kwa magoti na tumbo huku wakivuta mabegi. Kipande hicho peke yake kinaweza kukumalizia saa mbili.

Niliposoma habari za matope yao nikakumbuka mvua za El Niño, mwaka 1998, wewe hujazaliwa. Basi letu la kutoka Dar lilizama kati ya Somanga na Nangurukuru. Daraja la Rufiji halikuwepo bado, lilifunguliwa 2003, na barabara yetu ya kusini wakati wa masika ilikuwa bahati nasibu. Tulitembea siku mbili, kaka yako nimemfunga mgongoni kwa kanga. Njia ilikuwa tambarare kabisa, mwanangu, na mpaka leo sijawahi kuchoka namna ile. Kila hatua ilikuwa inaomba ruhusa kwa tope. Tangu hapo mtu akiniambia njia ni rahisi kwa sababu haina mlima, namuuliza kwanza anakanyaga nini.

Sasa upande wa magharibi. Huko kinachotesa ni maji. Sehemu ya kusini ya California ni jangwa, na kuna vipande vya zaidi ya kilometa 30 bila chanzo cha kuaminika. Lita moja ni kilo moja. Ukibeba lita sita, umebeba kilo sita juu ya chakula, hema na nguo.

Hili nalijua kwa shingo yangu. Juu huku kwetu uwandani mchanga unameza mvua yote, chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Nilipokuwa binti tuliamka alfajiri tukashuka bondeni, tukarudi tukipanda, ngata kichwani na ndoo juu yake. Ulipokuwa mdogo nilikupeleka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla kwa genge, ukaogopa kuchungulia. Basi sisi miteremko ya namna ile tuliipanda na maji. Bibi yako alitufundisha kunywa mpaka kushiba palepale kisimani kabla ya kujaza, ili ya kichwani yafike nyumbani. Nimefurahi mno kusoma kwamba watembeaji wa Pacific Crest nao hufanya hivyohivyo: wakifika kwenye maji wanakunywa kwanza, wanapumzika, ndipo wanajaza chupa.

Baada ya jangwa inakuja milima ya Sierra Nevada yenye theluji, na theluji ikiyeyuka mito inajaa. Ivukeni asubuhi na mapema, maana jua likishapanda maji huongezeka. Wewe umejifunza kuogelea Mikindani, lakini mto wa theluji si bahari yetu, usijipime nao. Kuna pia moto wa misitu, unaofunga njia ghafla. Na lazima mfike kaskazini kabla theluji mpya haijaanza kuanguka, kwa hiyo huna ruhusa ya kuvivia.

Baba yako anapendelea ya mashariki. Anasema ina vibanda zaidi ya 250 vya kulala, miji iko karibu, alama nyeupe zimepakwa kwenye miti, mtoto hawezi kupotea. Anasema kweli, na najua ni hofu inayosema. Lakini mimi naangalia goti lako la kulia, lile uliloumia ulipoanguka kwenye mkorosho ukiwa darasa la sita. Kupanda halikusumbui, linakusumbua ukishuka. Na Appalachian, kila kilometa yake, inakula magoti kuliko mwenzake. Ya magharibi inataka hesabu: maji, tarehe, chakula cha siku nyingi. Hesabu unaiweza. Kwa wewe, si kwa kila mtu, nachagua Pacific Crest.

Kuna mama mmoja, Emma Gatewood, aliyetembea Appalachian yote peke yake mwaka 1955 akiwa na miaka 67, amezaa watoto 11, miguuni raba za kitambaa. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutembea tu. Nimemwaza sana mama huyo, na watoto wake pia. Wewe umeniambia mapema, umeniuliza. Asante, mwanangu.

Korosho za kukaanga nitakutumia kwa mtu anayesafiri mwezi ujao, kilo tatu. Ni nyepesi begini na zinashibisha.

Jumamosi hii fanya hivi kabla hujawajibu wenzako. Jaza lita sita begini, panda ngazi za bweni lenu mpaka juu, ushuke, mara kumi. Kesho yake ukiamka, kabla ya chai, nipigie uniambie goti limelalaje.

Mama yako