Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Upimaji wa Kauri za Viwandani kwa Sauti

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Semina ilifanyika, ziara ya kiwanda cha saruji ilifanyika, ziara ya mgodini iliahirishwa mara mbili na hatimaye ikafutwa. Kamati Tendaji ilikutana kila robo mwaka kama katiba inavyotaka. Kumbukumbu zipo kwa Katibu, anayetaka akasome.

Niingie kwenye lile lililochafua hewa katika kundi letu la WhatsApp. Kamati iliamua kwamba cheti cha upimaji wa kauri hakitapigwa muhuri wa chama iwapo mashine inayopima unene kwa muda wa sauti kwenda na kurudi ilifanyiwa ugezi (kurekebishwa kwa kipande chenye unene unaojulikana) kwa kipande cha chuma. Iliamua pia kununua vipande vya ugezi vya kauri kwa fedha za chama. Pendekezo lilikuwa langu, nalibeba, na leo nalitolea maelezo kwa kirefu kwa sababu waliolilaumu zaidi hawakuwepo lilipojadiliwa.

Katika chuma, wimbi la mgandamizo husafiri mita 5,900 hivi kwa sekunde. Katika alumina (kauri ya oksidi ya alumini) yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea husafiri kati ya mita 10,400 na 10,900. Kati ya kauri nyingine, silikoni kabaidi hukaribia 12,000, na zirkonia hurudi hadi 7,000 hivi. Kasi hupanda nyenzo ikiwa kakamavu (isiyonyumbuka kirahisi) na hushuka ikiwa nzito. Alumina ina ukakamavu wa gigapaskali 380 hivi na densiti ya gramu 3.9 kwa sentimita ya ujazo, wakati chuma kina 210 na 7.8. Hakuna fumbo hapo.

Chukua kigae cha alumina cha milimita 20. Sauti huingia na kurudi kwa maikrosekunde 3.8. Mashine iliyozoeshwa chuma itaandika milimita 11. Mteja akisoma 11 anaamini nusu ya kigae imelika, anasimamisha mtambo na kung'oa vigae vizima. Halafu anauliza ni nani aliyempigia muhuri.

Nimejibiwa kwamba mzoefu huzidisha kwa 1.8 kichwani na kazi inaendelea. Kwa alumina ipi? Vigae vingi vya kulinda mashuti (mifereji ya kuteremshia mawe) ni vya asilimia 92. Densiti yake ni 3.6 hivi na kasi yake iko chini ya ile ya asilimia 99 kwa takriban mita elfu moja kwa sekunde. Ukitumia kasi ya 99 juu ya kigae cha 92 kilicholika hadi milimita 18, utakisoma 20, yaani kipya. Hata ndani ya daraja moja, kigae ambacho hakikuiva vizuri tanurini hubaki na vitundu. Vitundu hupunguza ukakamavu haraka kuliko vinavyopunguza densiti, kwa hiyo kasi inashuka. Uzoefu wa kichwani hauoni vitundu.

Kipande kinachofaa hukatwa kutoka shehena ileile itakayopimwa. Nyuso mbili husagwa kwa almasi hadi ziwe sambamba, tofauti isizidi mia moja ya milimita, kisha unene hupimwa kwa maikromita sehemu tano. Viwe viwili, chembamba na kinene, tuseme milimita 5 na 20. Chembamba hutumika kurekebisha sifuri ya mashine na kinene kurekebisha kasi, kisha unarudia mpaka vyote viwili visome sawa. Kwa kipande kimoja unaweza kupatanisha sifuri mbovu na kasi mbovu zikatoa jibu sahihi kwa unene huo mmoja tu.

Na tafadhali, pimeni kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili unaorudi kutoka upande wa nyuma wa kigae. Ukihesabu kuanzia mpigo wa proba (kichwa cha mashine kinachotoa na kupokea sauti), utando wa jeli inayopakwa kati ya proba na kigae, wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita unaingia kwenye hesabu. Jeli ni ya polepole, kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo utando huo husomeka kama sehemu saba za kumi za milimita za alumina. Kwenye kigae chembamba mwangwi wa kwanza humezwa na mpigo wenyewe. Hapo tumieni proba yenye kitangulizi cha plastiki (kipande cha mbele kinachochelewesha sauti). Kupaka jeli nyingi zaidi hakusaidii, ingawa ndicho kinachofanyika.

Imesemwa pia kwamba Mwenyekiti anadharau upimaji wa kugonga na kusikiliza mlio. Si kweli. Kigae kilichobanduka kwenye gundi hutoa sauti ya debe tupu, na kugonga hukibaini haraka kuliko mwangwi mmoja. Gundi ya epoksi ni laini mno ikilinganishwa na alumina, kiasi kwamba hata kigae kilichoshika hurudisha sehemu kubwa ya sauti, karibu sawa na kilichobanduka. Tofauti huonekana mkifuata mwangwi hadi wa tano: kwenye kilichoshika umeshafifia hadi nusu hivi ya ule wa kilichobanduka.

Mawe ya grinda ya kauri nayo yanagongwa, na yaendelee kugongwa kabla ya kufungwa. Jiwe liwe kavu na lisiwe na vumbi. Mligonge kwa mpini wa mbao, nyuzi 45 kila upande wa mstari wa wima, milimita 25 hadi 50 kutoka ukingoni, kisha mlizungushe nyuzi 45 na kurudia. Likilia butu, litupwe. Jiwe la gundi ya rezini halilii kama la kauri hata likiwa zima, msililaumu bure.

Ila kugonga hakutoi cheti cha kauri inayobeba mzigo. Alumina nzuri inaweza kuvunjika kutokana na kasoro ya sehemu ya kumi ya milimita tu. Proba ya megahezi 5 ina wimbi la urefu wa milimita 2 na kidogo, nayo haiioni. Nyundo ndiyo kabisa.

Sasa fedha, kama Mweka Hazina alivyonikabidhi. Tulianza na shilingi 2,640,000. Ada iliyokusanywa ni 870,000. Vipande viligharimu 1,200,000. Ukumbi, chai na uchapishaji 745,000. Salio ni 1,565,000. Wanachama walioandikishwa ni 71 na waliolipa ada ya 30,000 ni 29. Piga hesabu: wadaiwa 42, deni 1,260,000. Deni hilo linazidi bei ya vipande vinavyolalamikiwa. Baadhi ya wanaoandika kwa herufi kubwa kundini kwamba fedha zimeliwa hawajachangia hata shilingi moja, na majina yao ninayo.

Mahudhurio ni aibu. Mikutano miwili haikutimiza akidi, tukakaa tukisubiri hadi chai ikapoa. Siku ya semina ukumbi ulijaa kwa kuwa kulikuwa na chakula cha mchana. Chakula kilipokwisha, nusu waliondoka kabla ya somo la mwangwi wa pili, ndiyo maana leo nimelirudia hapa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikija, tunatazamia kupata tangi la maji la kuzamishia vipande wakati wa kupima na proba ya megahezi 20, ambayo wimbi lake katika alumina ni nusu milimita hivi. Mazungumzo na mfadhili yanaendelea. Mafunzo ya kupima ukakamavu kwa mlio wa kipande nayo yanafikiriwa. Atakayejitayarisha aanze na maikromita nzuri, maana katika hesabu hiyo unene hupigwa kipeo cha tatu, na kosa la asilimia 1 kwenye unene ni kosa la asilimia 3 kwenye jibu.

Vipande viko kwa Katibu na huazimwa kwa saini na risiti ya ada ya mwaka huu. Atakayekirudisha kimevunjika atakilipia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti