Mwongoza njia wa Rungwe aliyekuwa akifika wa pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, nafasi ambayo marehemu mwenyewe asingeiomba. Mwezi huu tumemzika huku Rungwe mzee aliyewapandisha watu mlima wetu tangu enzi ambazo waliopanda walikuwa wamisionari, mabwana misitu na wanafunzi basi. Hamkupata taarifa zake kwa kuwa tangazo la tanzia gazetini hulipiwa, na pale nyumbani kwake fedha iliyochangwa iliishia kwenye sanda, jeneza na mchele. Jina lake silitaji, familia imependa iwe hivyo. Wa huku wataelewa nikisema mzee wa mabuti ya mpira.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi nilimtegemea yeye kuwapeleka wanafunzi wakaione kreta, yaani shimo la volkeno, kwa macho badala ya kuichora ubaoni. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha sana vijana. Hatua chache kabla ya kilele alisimama kando ya njia, akainama, akajifanya anafunga kamba za buti ili mgeni apite atangulie. Mabuti ya mpira hayana kamba, Mhariri. Wanafunzi waliligundua hilo mapema, wakawa wanakonyezana, lakini kila mmoja alipita na kufika juu akiwa ndiye wa kwanza. Mlima Rungwe una urefu wa mita 2,960 hivi, na mzee aliufahamu kuliko shamba lake la migomba, lakini sijakutana na mtu anayesema aliwahi kumwona akikanyaga kilele mbele ya mgeni wake.

Siku moja nikamsimulia habari za Tenzing Norgay na Edmund Hillary, watu wa kwanza kuthibitishwa kufika kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Walipofika juu tarehe 29 Mei 1953, waandishi wa habari hawakutulia: nani alitangulia? Wenyewe wakashikilia kwamba walifika pamoja, mpaka miaka michache baadaye Tenzing alipoeleza katika kitabu chake kuwa Hillary ndiye aliyekanyaga kwanza. Nilidhani mzee atakipenda kisa hicho kwa sababu ya ile desturi yake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa Mwalimu, walikuwa wamefungana kamba?" Nikamwambia ndiyo. "Basi hao waandishi waliuliza nini?"

Wasomaji wa mbali huenda wakaona nakuza mambo, maana mbele ya Kilimanjaro yenye mita 5,895 huu wetu ni mlima mdogo. Na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kilimanjaro watu huiogopa, hujiandaa, huhesabu siku. Rungwe mtu anauona kutoka barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, anaona kijani kitupu, anasema hiki ni kilima cha kupanda na kushuka kabla ya chakula cha jioni. Anakuja na raba za kuendea sokoni na chupa moja ya maji. Huku hewa nyembamba haimsumbui mtu sana. Yanayosumbua ni baridi, unyevu na ukungu. Nguo ikilowa na upepo ukapiga, mwili unaishiwa joto haraka kuliko mtu anavyodhani, na ukungu ukishaingia kwenye mianzi, njia ya kwenda kileleni na njia ya wakata mbao wa zamani zinafanana kabisa. Ukifuata hiyo ya pili unashuka bonde ambalo mwisho wake si kijiji.

Sheria zake kwa hiyo zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Kila mtu abebe sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni, na asililowanishe njiani, alivae akifika juu. Ikifika saa saba mchana, wote wanageuka, hata kama kilele kinaonekana. Hilo la pili lilimgharimu. Niliwahi kuwakuta wageni wa Dar es Salaam wamemkasirikia pale Isongole, kijiji ambako wapandaji huanzia, wanakataa kummalizia malipo kwa sababu aliwageuza wakiwa wamekaribia. Hakubishana. Aliwamenyea ndizi za kuchoma zilizobaki kwenye kiroba, akawaambia warudi mwezi wa sita, mvua zikikatika, maana mlima haujahama tangu azaliwe. Nusu ya malipo hakuipata hadi leo, na sikuwahi kumsikia akiwasimanga.

Nitasema na habari ya kima wa kipunji, kwa kuwa inahusu. Mwaka 2003 watafiti walimwona katika msitu huu wetu, mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa ni kima mpya kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake katika majina ya kisayansi, Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo la kipunji kabla ya hapo, na watafiti wenyewe walianza kumtafuta baada ya kusikia masimulizi ya wawindaji hao. Mimi nilichukia kidogo, nikaona tumeporwa. Mzee alicheka tu: "Mwache, Mwalimu. Na yeye sasa ana cheti."

Neno hilo la cheti alilisema akijua analosema. Miaka yake ya mwisho kampuni moja ya kutembeza watalii ilikuwa ikimlipa ujira wa mpagazi, kwa hoja kwamba hana cheti wala Kiingereza, na mwongozaji mwenye cheti alitembea nyuma yake akimuuliza, "Babu, hapa tunakunja wapi?" Sipingani na vyeti. Kijana aliyefundishwa huduma ya kwanza anaweza kuokoa mtu ambaye mzee angeweza kumfunika blanketi tu. Ninachopinga ni malipo yanayopangwa kana kwamba kuijua njia si ujuzi. Nilipotaka kwenda kuisema kampuni hiyo alinikataza. Bado naona alikosea kunikataza, Mungu amrehemu.

Msibani mzungumzaji mmoja alipendekeza kilele, au walau kituo cha kupumzikia, kipewe jina la marehemu. Watu wakapiga makofi. Najua mifano ipo. Kule Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Mjerumani Hans Meyer kwenda kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, anakumbukwa, na ni haki. Lakini tukiishia kwenye kibao cha jina tutakuwa tumejilipa wenyewe. Kibao kitapakwa rangi, kitazinduliwa, mheshimiwa atahutubia, na mgeni atakayepotea kwenye mianzi Aprili ijayo hakitamfaa kitu.

Ombi langu kwa Wakala wa Huduma za Misitu, wanaoisimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, na kwa halmashauri yetu ni la kazi zaidi. Wapo bado watu waliotembea naye: mkwewe, wazee wawili watatu waliopasua mbao huko juu kabla ya kukatazwa, na vijana waliombebea mizigo. Wapandisheni hao mlimani kiangazi hiki, kwa malipo ya mwongozaji na si ya mpagazi, wazionyeshe njia panda zote alizozijua, ziwekwe alama ambayo ukungu hauifichi. Na pawepo namba moja ya simu ya dharura, ibandikwe Isongole na upande wa misheni, ambayo ikipigwa saa mbili usiku inapokelewa. Sasa hivi mgeni akichelewa kushuka watu huenda kugonga mlango wa mzee. Mlango huo ungalipo, ila wa kuamka hayupo.

Lipo jingine, na hili nawaomba wasomaji wako popote walipo. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tuliikosa ya mlimani. Tulitumia ya kitambulisho. Watu wote waliofika kileleni naye wana picha zao wakinyoosha mikono, na aliyeshika simu au kamera ni yeye. Lakini lazima ipo ambayo katokea pembeni, mgongo, kofia, buti moja. Wewe uliyepanda Rungwe ukiwa mwanafunzi, mtafiti au mtalii, pekua albamu na simu yako ya zamani. Ukiipata, isafishe na uilete katika ofisi ya usharika wa Moravian uliomzika, useme ni ya mzee wa mabuti. Wajukuu zake wameniahidi kuzipokea zote, hata zilizofifia.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe