Hizo namba za shule zisikubabaishe

Mama Neema, habari za masiku shoga yangu,

Nimeona meseji yako kuhusu ile shule ya kati hapa Marekani (darasa la 6 mpaka la 8) mnayotaka kumpeleka Neema, naona umefurahia sana pale walipoandika mwalimu mmoja kwa watoto 15. Mimi hiyo namba siiamini hata kidogo. Siyo kwamba wanadanganya, ila hiyo siyo idadi ya watoto darasani, wanachukua wanafunzi wote wanagawanya kwa walimu wote, mpaka yule wa muziki na yule anayekaa na watoto wanne wenye mahitaji maalum. Hebu chukua shule ya watoto 180 na walimu 12, hapo ni 15 kwa mmoja sawa, lakini mtoto anasoma vipindi 7 kwa siku na mwalimu anafundisha 5 tu, piga hesabu, 15 mara 7 gawanya kwa 5, utakuta wastani wa darasa ni 21, na kwa vile kuna madarasa madogo madogo ya hao wa mahitaji maalum basi hesabu na kiingereza wanaweza kufika 26 huko.

Na shule ndogo ina vituko vyake. Watoto 60 wa darasa la 7 unawagawa mikondo mitatu ya 20, wakihama kumi wanabaki 50, wilaya inayosimamia shule inamwondoa mwalimu mmoja, mikondo inakuwa miwili ya 25! Yani shule imepungua, darasa limejaa. Kule Florida angalau walipiga kura 2002 wakaweka kwenye katiba ya jimbo kwamba darasa la 4 mpaka la 8 mwisho watoto 22 kwa masomo makuu, michezo na muziki havimo. Majimbo mengine kila mtu na lake.

Sasa zile asilimia za rangi ulizoniuliza. Asilimia 5 weusi kwenye shule ya 180 ni watoto 9, ukiwagawa la 6, la 7 na la 8 ni kama watatu watatu, kwa hiyo Neema atakuta wenzake wawili watatu hivi, na familia moja yenye watoto watatu ikihama tu namba yote inabadilika. Halafu hicho kisanduku cha weusi kwenye fomu kinabeba wote, Mmarekani mweusi ambaye babu zake wako hapo miaka yote, Msomali, Mkongo aliyefika juzi, sisi, wote humo humo. Ndo maana mi naangalia zaidi asilimia ya wale wanaojifunza kiingereza, ingawa nao mtoto akishafaulu ule mtihani wanamtoa kwenye hiyo idadi hata kama nyumbani ni kiswahili mwanzo mwisho.

Ya chakula cha bure achana nayo, siku hizi shule nyingi zinalisha wote, tangu 2023 inatosha asilimia 25 ya watoto watoke familia zilizo tayari kwenye misaada kama SNAP (ule msaada wa chakula wa serikali), so ukiona asilimia 100 wanakula bure usidhani wote hawana kitu.

We piga simu ofisini, usiulize wastani, waulize darasa la hesabu la 7 lina watoto wangapi mwaka huu na lile kubwa kuliko yote lina wangapi. Wakianza kuzunguka zunguka omba kuonana na mkuu wa shule mwenyewe, na shemeji aende na wewe maana anajua kung'ang'ania yule.

Wakikujibu nirushie voisi, hata usiku.

Mama Salma