Saa iligonga mara 17

Paris, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Mafua hayajaniacha tangu baridi ianze, lakini nimejikokota hadi mezani nikuandikie kabla jambo hili halijapoa moyoni.

Ijumaa nilikwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Ukumbi wenyewe, Théâtre de la Huchette, umejibanza kwenye kichochoro cha Quartier Latin, karibu na mto Seine, katikati ya mikahawa ya Wagiriki. Harufu ya nyama ya kuchoma inakusindikiza hadi mlangoni. Viti havifiki 100. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele muda wote. Tangu 1957 humo unachezwa mchezo uleule wa Eugène Ionesco, La Cantatrice chauve, yaani Mwimbaji Mwenye Upara. Mwimbaji mwenyewe haonekani kabisa!

Ionesco alizaliwa Romania, na mchezo huu ulimjia alipokuwa akijifunza Kiingereza kwa kitabu cha sentensi: wiki ina siku saba, dari iko juu, sakafu iko chini. Mwalimu wetu wa Kifaransa alipotueleza hayo nililitazama daftari langu. Limejaa sentensi za namna hiyo hiyo.

Basi, mke na mume wa Kiingereza wamekaa sebuleni. Saa inagonga mara 17, mke anasema, haya, ni saa tatu. Kisha anamsimulia mumewe chakula walichokula usiku ule, utadhani mume hakuwepo mezani. Mume macho kwenye gazeti, anagonga ulimi tu.

Baadaye wanaingia wageni, mwanamume na mwanamke, wanatazamana kwa haya. Nadhani nimewahi kukuona mahali, anasema mwanamume. Wanaulizana polepole. Kumbe wote wametoka Manchester, kwa treni moja, behewa moja. Wanaishi mtaa mmoja, nyumba moja, wanalala kitanda kimoja. Kila mmoja ana binti wa miaka miwili, jicho moja jeupe na jingine jekundu. Loo, kumbe ni mke na mume! Wanakumbatiana, na sisi tunacheka hadi machozi. Mara mtumishi anakuja kututobolea siri kwamba wamekosea: mtoto wa mume ana jicho jekundu la kushoto, wa mke ni la kulia. Na wale wawili wamekwisha kusinzia kwenye kiti kimoja, wameridhika.

Hapo kicheko kilinikatika, Mwanaidi. Nilikukumbuka wewe na simu yetu ya mwezi uliopita. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Mama? Hajambo. Nikakata simu roho yangu nyeupe. Wiki mbili baadaye dada yako ndiye aliyenieleza kwamba saa ile ulikuwa kwenye benchi la hospitali, Mama amelazwa. Sikulaumu. Mimi nami nilikwambia nzuri, na siku hiyo nilikuwa sijazungumza na mtu kwa siku tatu.

Wala sisemi salamu zetu ni maneno matupu. Nzuri ya kumwambia jirani asubuhi ina heshima yake na inatosha. Lakini wewe na mimi tumelala mkeka mmoja.

Unakumbuka chuoni tulivyobishana juu ya Amezidi, ile tamthilia ya Said Ahmed Mohamed? Nilishikilia kwamba tamthilia za kibwege, hizi za mambo yasiyo na mantiki kama huu mchezo wa Ijumaa, ni kuchosha watu bure, ukaniambia ipo siku zitanigusa. Haki yako nakupa leo. Mwishoni taa zilizimwa, na zilipowaka wale wageni walikuwa wamekalia viti vya wenyeji, wanarudia maneno yale yale ya mwanzo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilichelewa kuinuka.

Niandikie, au nirekodie sauti, hata iwe ndefu namna gani. Mama anakula nini sasa? Usiku analala? Nani anakupokea ukichoka kumuuguza? Na wewe mwenyewe, mara ya mwisho umelala usingizi wa kutosha lini?

Wako,
Zuhura