Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Tanga Lisituondokee Ziwani

Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Entebbe, nimelelewa na mjomba aliyezaliwa Lamu, na ombi langu ni moja: tuwe na mashindano ya vyombo vya tanga visiwani Ssese, katika Ziwa Victoria, Uganda.

Miaka michache iliyopita mjomba alinipeleka kwao wakati wa Maulidi. Mashua zilipotweka, ufuo wote ulijaa watu. Upepo ulipokaza, mabaharia watatu walitambaa juu ya ubao uliochomoza nje ya chombo, upande wa joshi, unakotoka upepo, wakakaa huko maji yakiwapiga migongoni ili chombo kisilale. Kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuza chombo huku na huko, ndiyo kazi yenyewe. Foromali, boriti inayobeba tanga, pamoja na tanga lake lote la pembe tatu, lazima izungushwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Nahodha akichelewa kidogo, amepitwa. Mjomba alikuwa akiita majina ya mashua zilizooza zamani, kana kwamba nazo zimo majini. Naamini Lamu bado ina mafundi wa mashua kwa sababu kuna siku ya kushindana.

Kwetu nako tanga lina historia. Mitumbwi ya Ssese, mbao zake zikishonwa kwa nyuzi, ilikwenda kwa makasia, na mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa Gabunga wa ukoo wa Mmamba. Tanga la pembe tatu lililetwa na wafanyabiashara wa pwani. Miaka ya 1870 mmoja wao, Songoro, alikuwa na jahazi lake kisiwani Ukerewe, kusini mwa ziwa hilo; Desemba 1877 aliuawa kisiwani humo pamoja na wamisionari wawili wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Zaidi ya watu 200,000 walikufa kandokando ya ziwa, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese. Watoto ambao wangefundishwa chombo na babu zao wakakulia bara. Injini zilikuja baadaye.

Mwezi uliopita, kwenye mwalo mmoja, mahali pa kutia nanga mitumbwi, wa Bugala, kisiwa kimojawapo cha Ssese, nilimkuta mzee akishona tanga la magunia ya unga, sindano yake kipande cha waya. Nilimuuliza nani atamrithi. Alinyoosha kidole kwenye injini ya jirani, akaendelea kushona.

Mheshimiwa, mashindano ya makasia ya Buganda yanajaza watu kila yanapofanyika, koo kwa koo. Matanga nayo yapewe siku yao, katika ghuba ya Lutoboka. Gharama si kubwa: maboya ya kuzungukia, jaketi za kuokolea, boti ya uokoaji. Zawadi isiwe kikombe. Iwe turubai jipya la tanga, maana hilo ndilo linalowashinda kununua.

Ukipata nafasi, panda feri ya Nakiwogo uje Bugala. Nitamwomba mzee akungoje mwaloni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Entebbe