Kabla ya kurusha tiara, tazama moshi wa mahindi

Kwa Mhariri,

Kila likizo ya Agosti wazazi hununulia watoto tiara, kisha jioni hurudi nyumbani wakimlaumu aliyewauzia. Mara nyingi tiara haina kosa. Kosa ni kusoma upepo kwenye simu badala ya kuusoma uwanjani.

Utabiri wa simu kwa kawaida ni wa upepo ulio mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Mtoto aliyebanwa kati ya ukuta na ghorofa hapati upepo huo. Isitoshe, baadhi ya programu huandika mita kwa sekunde. Ukiona 5 usidhani upepo umechoka. Hiyo ni kilomita 18 kwa saa.

Tiara ya kawaida ya pembe nne hupenda kilomita 10 hadi 20 kwa saa, na si lazima uwe na mtambo kuzitambua. Tazama moshi wa jiko la muuza mahindi. Ukipanda wima, kanunue hindi usubiri. Ukiinama kidogo huku majani ya miti yametulia, bado. Majani yakianza kucheza na ukauhisi upepo usoni, tiara nyepesi itapaa. Vitawi vikitikisika bila kukoma na bendera ndogo ikanyooka, hapo ndipo penyewe. Vumbi na karatasi zikiinuka, umepita kilomita 20. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, tiara nyingi za mitaani ni za gazeti (hata lako, Mhariri), na gazeti katika upepo huo huchanika pale fito zinapopishana. Miti midogo ikiyumba mizima, kunja uzi.

Lakini nguvu ya upepo ni nusu tu ya habari. Utulivu wake ndio unaowashinda wengi. Funga ukanda wa karatasi ya shashi, sentimita 40 hivi, kwenye ncha ya ufito wa mita mbili. Uinue, utazame dakika tano nzima, si moja. Ukanda ukilala upande mmoja, ukishuka na kupanda polepole, anza. Ukijisokota kwenye ufito au kugeuka nyuma ghafla, umesimama kwenye kivuli cha upepo. Jengo huvuruga hewa iliyo nyuma yake kwa umbali wa mara saba ya kimo chake, pengine zaidi. Ghorofa ya mita 15 inataka usogee zaidi ya mita 100. Ndiyo maana tiara mtaani hupaa vizuri, uzi ukalegea mara moja, kisha ikaja pua chini.

Uhuru Park ina tatizo hilohilo. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki, na wakati wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo hufika bustanini ukiwa umeshagongana na majengo ya katikati ya jiji. Afadhali upande wa juu, kuelekea Community, huko Upper Hill.

Asubuhi hewa huwa imelala. Huamka jua likishapasha ardhi, saa tano au sita, na kukolea alasiri. Agosti, mawingu yakiziba, subiri zaidi. Halafu kuna jambo ambalo maelezo ya tiara za ng'ambo hayalitaji: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Tiara inayopaa kule kwa kilomita 10 kwa saa, hapa itadai 11.

Ikishapaa, yenyewe itakueleza. Ikizunguka kama pia, upepo umeizidi au mkia ni mfupi: tiara ya sentimita 60 ipe mkia wa mita tatu hadi nne, na usogeze fundo la uzi mkuu sentimita moja kuelekea puani. Ikifika mita tatu na kushuka mkia kwanza, upepo hautoshi au mkia ni mzito. Kukimbia nayo hakusaidii. Ukisimama, nayo inasimama.

Mwewe wakizunguka angani bila kupiga mabawa, kuna hewa moto inayopanda. Tiara itainuka kwa raha, kisha izame hewa hiyo ikipita. Uwe tayari kuvuta uzi.

Wingu jeusi likijengeka na upepo wa baridi ukakupiga ghafla kutoka upande mwingine, teremsha tiara hata kama mvua iko mbali. Usirushe karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ndege hushuka chini mno pale. Na tiara ikinasa kwenye nyaya za umeme, achia uzi mara moja uiache hukohuko. Uzi wa pamba uliolowa hupitisha umeme.

Mpenzi wa tiara,
Lang'ata, Nairobi