Mwanangu, sio ulimi wako ulioharibika

Mwanangu,

Jana kwenye simu ulisema tangu korona ikushike kila unachokula ni kama unatafuna karatasi, halafu ukanyamaza, na mi nikajua unaogopa ila hutaki kuniambia. Ndo maana leo nimekaa nikuandikie maana kwenye simu huwa tunarukaruka tu.

Kwanza hujidekezi. Mi nilipougua korona niliambiwa nimeanza kuchagua chakula na iliniuma sana, nisingependa mtu akwambie hivyo.

Siku ukiwa mzima bana pua kwa vidole viwili afu weka peremende ya limau mdomoni. Utasikia utamu na uchachu basi, limau lenyewe halipo. Ukiachia pua linakuja lote kwa mpigo. Yaani ulimi wenyewe unajua vitu vichache tu, utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya supu ya nyama, mengine yote tunayoita ladha ni harufu inayopanda kwa nyuma ya koo mpaka puani wakati unatafuna. Kwa mafua ya kawaida mara nyingi pua imeziba tu, ikizibuka ladha nayo inarudi. Korona ni tofauti, unaweza ukapumua vizuri kabisa na bado usinuse kitu, kwa sababu kirusi kinashambulia zile seli zinazozihudumia neva za harufu kule juu puani, sasa neva zinakosa wa kuzitunza. Kuna wengine hata ulimi wenyewe unaguswa, chumvi hawaisikii. Jipime, gusisha chumvi kidogo, kisha sukari. Ukizitofautisha ujue shida iko puani zaidi. Na kunywa maji, homa inakausha mate na chakula kikavu ulimi hauwezi kukionja.

Wengi hurudi sawa ndani ya wiki chache, wengine miezi. Seli za kuonja kwenye ulimi zinabadilishwa kila baada ya siku 10 hivi na neva za puani nazo huota upya, taratibu.

Ila kuna kitu mi hakuna aliyeniandaa nacho. Harufu zilipoanza kurudi zilirudi zimepinda. Kahawa ikawa inanuka mpira unaoungua, kitunguu kikiingia tu kwenye mafuta ya moto mi natoka jikoni nasimama nje nimeziba pua na kanga mpaka waseme kimeiva. Nilidhani nimeharibika kichwa. Kumbe ni neva zinaota na bado hazijaunganika vizuri, ubongo unapata habari nusunusu. Ikikutokea usijilazimishe, acha vya kukaanga na kitunguu saumu kwa muda, kula chakula kikiwa kimepoa maana mvuke ndo unabeba harufu.

Na anza mazoezi ya kunusa. Tafuta vikopo vinne, karafuu, limau, waridi, na mafuta ya mkaratusi (usiyaonje hayo). Asubuhi na jioni nusa kimoja kimoja sekunde 20 hivi, taratibu, huku ukikumbuka kabisa harufu yake ilikuwaje, fanya angalau miezi mitatu hata kama unaona hamna kitu. Kuna siku utachoka, mi nilichoka mara nyingi.

Usiongeze chumvi na sukari kuitafuta ladha. Na tafadhali, gesi ikivuja sasa hivi hutaisikia, wala moshi, wala chakula kilicholala kikaharibika, muombe mwenzio wa chumbani akunusie kabla hujala. Kama unashindwa kabisa kula au nguo zinakupwaya nenda kwa daktari usingoje niseme.

Kwangu karafuu ndo ilirudi ya kwanza, kwa mbali sana, nikalia na kikopo mkononi. Yako ikirudi, yoyote ile, nipigie hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako